Bosi ameleta dakika kumi za kunyamaza kila asubuhi ili tuwe wabunifu. Kuna mwenye uzoefu?

Karani_wa_Mikopo

Wakuu, habari za jioni. Naomba uzoefu wenu, hasa mlio kwenye ofisi ndogo, maana mashirika makubwa yana mambo yao.

Mimi ni afisa mikopo kwenye SACCOS moja Kanda ya Kaskazini. Wafanyakazi hatufiki kumi. Wanachama wengi ni wenye vibanda sokoni, walimu na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Meneja wetu ni mtu mzuri, simsemi vibaya. Alikwenda semina akarudi na jambo jipya: kila asubuhi kabla ya kufungua kaunta tunakaa ukumbini, macho tumefumba, tunasikiliza pumzi zetu dakika kumi. Mwezeshaji alimwambia kuwa akili iliyotulia ndiyo inayozaa ubunifu, na kwamba kampuni kubwa za Marekani zinafanya hivyo. Tukimaliza tunagawiwa vikaratasi vya rangi, kila mtu anaandika wazo jipya la siku na kulitumbukiza kwenye sanduku la maoni.

Kunyamaza kwenyewe sikukatai. Mlinzi wetu hulala mpaka akakoroma, lakini mimi natoka pale nimepoa. Hata mwanachama akinijia juu kwa sababu mkopo wake umekataliwa namjibu vizuri. Tatizo ni sanduku. Likifunguliwa mwisho wa mwezi mambo ni yaleyale: chai iwe na vitafunwa, sare mpya, feni ya kaunta. Meneja anakunja uso, anasema bado hatujatulia vya kutosha.

Sasa niwaambie kinachoniwasha. Fomu yetu ya mkopo inajazwa nakala tatu. Kurasa nne kila nakala, kwa mkono. Mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri zote, wadhamini wanasaini zote, na kila nakala inabandikwa picha ya paspoti. Nakala ya kwanza inakwenda kwenye faili la mwanachama, ya pili kwa kamati ya mikopo, ya tatu kwenye boksi lililoandikwa kwa makapeni NAKALA C. Juzi nikamuuliza mhasibu, boksi la C likijaa linakwenda wapi? Stoo. Na kutoka stoo? Akaniambia, wewe jaza tu, ndio utaratibu. Nikaenda stoo mwenyewe. Maboksi ya C yamepangwa mpaka usawa wa dirisha, ya chini yameshaliwa na mchwa. Zamani alikuwepo ofisa wa kuja kuzichukua kwa ukaguzi. Siku hizi taarifa zinakwenda kwa mfumo wa kompyuta na hakuna anayekuja. Lakini mama wa nyanya bado anafunga kibanda chake aende kupiga picha ya tatu.

Tunanyamaza kila asubuhi hatua chache kutoka mlango wa stoo ile, na hakuna kikaratasi hata kimoja kilichowahi kuitaja.

Swali langu: huku kutuliza akili kuna uhusiano wowote na ubunifu kazini, au ni vitu viwili vimebandikwa pamoja? Na kama ipo namna ya kufikiri inayomfanya mtu aone jambo kama la boksi C, inajengwaje kwa watu wenye kazi nyingi kama sisi?

Nawasilisha.

Mzee_wa_Posho

Mkuu, semina ilikuwa na posho, na aliyekula posho lazima arudi na kitu cha kuonyesha. Ukiona ofisi inawafundisha watu wazima kupumua, ujue nyongeza ya mshahara haipo. Kwetu tuliletewa mafunzo kama hayo mwaka ambao mishahara ilichelewa. Tulitulia kweli, maana njaa nayo inatuliza.

Hilo la nakala C liache kama lilivyo. Siku ukiifuta ndiyo siku mkaguzi atakapoiulizia, na jina lako ndilo litakalotajwa.

Sista_Nyanda

Karani mwanangu, huyo Mzee wa Posho msikilize nusu. La posho kasema kweli.

Mimi ni muuguzi, nimeshastaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya wodi ya wazazi, hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini. Wenzangu wa rika langu watakumbuka ulipoingia utaratibu wa 5S, wa kupanga na kutunza sehemu ya kazi, Wizara ya Afya ikishirikiana na JICA, shirika la misaada la Wajapani. Hospitali ya Rufaa Mbeya ilikuwa ya mwanzo, mwaka 2007, kisha ukasambaa. Tuliukariri kwa Kiswahili chake: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Mwanzoni tulidhani ni usafi tu. Tukapaka mistari ya rangi sakafuni, tukabandika majina kwenye makabati, wakubwa wakaja wakapiga picha wakaondoka. Kilichobadilisha kazi hakikuwa rangi.

Mtungi wa oksijeni unafunguliwa kwa spana yake ndogo. Wodini kwetu mitungi ilikuwa kadhaa na spana moja. Mama akibadilika hali usiku, mmoja anavuta mtungi, mwingine anakimbia kutafuta spana. Kwenye droo haipo. Wodi ya pili waliazima, wamerudisha, hawakumbuki waliiweka wapi. Au imo kwenye mfuko wa koti la daktari ambaye ameshafika nyumbani kwake. Tukawa tunataniana, spana imeenda likizo. Jambo likishageuka utani, basi, limeshahama kwenye orodha ya matatizo. Matroni alilijua, madaktari walilijua, kila inchaji, yaani muuguzi kiongozi wa wodi, alilikuta na akaliacha. Tulikuwa hodari wa kukimbia.

Aliyelimaliza ni mhudumu wa wodi, mama mtu mzima, kazi yake deki na mashuka. Wakati huo tulikuwa tumeanza kukabidhiana zamu tukiwa tumesimama palepale wodini, si ofisini, na kila aliyelala zamu, hadi wahudumu, anataja kitu kimoja kilichomkwamisha usiku. Angalia, hatukuomba mawazo. Tuliuliza kilichokukwamisha. Siku hiyo akasema: mimi mkianza kukimbia huwa naacha deki katikati, naogopa mtateleza. Hivi kwa nini hiyo spana isifungwe kwenye mtungi wenyewe?

Watu walitazamana. Fundi wa karakana akaitwa, akaja na mnyororo mwembamba wa aina ile ya kufungia kizibo cha sinki, akachonga na spana nyingine za kutosheleza mitungi yote. Jambo la miaka likaisha kabla ya chai ya saa nne.

Nimelifikiria sana hilo tangu nistaafu, maana nina muda. Kwa nini yeye? Naona kwanza yeye hakuwamo kwenye mbio. Sisi tuliokuwa tunakimbia tuliona mgonjwa na spana tu. Yeye alikuwa pembeni na ndoo yake, anatuona sisi. Halafu swali lenyewe lilikuwa la saizi yake. Ukimwambia mtu alete wazo jipya, anaanza kutafuta kitu kikubwa, cha mbali, akikikosa anakuandikia vitafunwa. Ukimuuliza jana nini kilikuchelewesha, anakutajia spana. Na la tatu, ambalo mameneja hulisahau: lilifanyiwa kazi siku ileile, mbele ya macho yake. Wiki zilizofuata ndipo wauguzi walipoanza kusema mambo mazito, kama ampuli mbili za dawa tofauti zinazofanana kabisa, zimewekwa trei moja. Msichana mmoja alisema waziwazi kuwa nusura achukue siyo. Zamani angesema hivyo angeandikiwa barua ya kujieleza, kwa hiyo zamani asingesema.

Kunyamaza sikubezi. Nikiingia zamu ya usiku, kabla ya kupokea ripoti, nilikuwa nasimama mlangoni mwa wodi sishiki kitu, natazama. Nani amelala ubavu ambao si kawaida yake. Dripu ipi inakwenda kasi. Mama yupi alikuwa anaongea sana jana na leo yuko kimya. Huo nao ni utulivu, ila macho yako wazi. Ninyi mnafumba macho ndani ya chumba kinachotakiwa kutazamwa. Mwombe meneja mgawane: dakika tano za pumzi, tano za kutembea ofisini mpaka stoo, kila mtu ataje alichokiona.

Chaki_na_Ubao

Nafundisha saikolojia chuoni. Sista amemaliza sehemu kubwa, nitaongeza ya darasani kwa sababu Karani ameuliza kama kuna uhusiano.

Huo utulivu wa pumzi ulioletwa na semina una ukoo wake. Mwalimu wa meditesheni (ndilo jina la huko kutuliza akili), Jon Kabat-Zinn, aliuingiza hospitalini Massachusetts, Marekani, mwaka 1979 kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha. Lengo lilikuwa mtu aweze kuishi na maumivu. Ofisini umefika baadaye sana, kwa mfano Google, ambako mhandisi wao Chade-Meng Tan alianzisha kozi yake mwaka 2007. Je, unazaa mawazo? Watafiti wa chuo kikuu cha Leiden, Uholanzi, walichapisha mwaka 2012 majaribio yao kwa kikundi kidogo cha wazoefu wa meditesheni. Meditesheni ya kuacha akili wazi, mtu akipokea kila kinachopita bila kukishikilia, iliwasaidia kutoa mawazo mengi ya aina mbalimbali. Ile ya kukaza akili kwenye kitu kimoja, kama pumzi, haikuwasaidia hivyo. Na watafiti wengine, Hafenbrack na Vohs, walionyesha mwaka 2018 kuwa watu wakitoka kwenye meditesheni hamu ya kufanya kazi ya kuchosha hupungua, ingawa kazi yenyewe haiharibiki. Kwa hiyo Karani kutoka ukumbini umepoa ni kweli kabisa. Ila ukishapoa sana, nakala C nayo haikukeri tena.

Kuna ukoo wa pili, ambao hauhusiani na kufumba macho. Ni wa Ellen Langer, mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani. Yeye alichunguza namna tunavyofanya mambo bila kuyatazama. Mwaka 1978 yeye na wenzake walichapisha jaribio la mashine ya kutoa kopi. Mtu anakwenda kwenye foleni anaomba apishwe, ana kurasa tano. Akiomba tu, asilimia 60 walimpisha. Akisema ana haraka, 94. Akisema apishwe kwa sababu anataka kutoa kopi, ambayo si sababu hata kidogo, maana kila aliyepo pale anataka kutoa kopi, walimpisha 93. Masikio yalisikia umbo la sababu, yakatosheka. Alipoomba kurasa 20 ujanja ukagoma, kwa sababu sasa kulikuwa na gharama na watu wakaamka.

Mhasibu wako alipokujibu "ndio utaratibu", alikupa sababu ya namna hiyohiyo. Na imefanya kazi miaka yote kwa sababu gharama haimwangukii yeye. Inamwangukia mama wa nyanya.

Niwape na hesabu moja mjaribu wenyewe. Una vyombo vitatu, kimoja cha ujazo 21, cha pili 127, cha tatu 3. Upime 100. Unajaza kikubwa, unapunguza kwa cha kwanza mara moja na kwa kile kidogo mara mbili. Mwanasaikolojia Abraham Luchins aliwapa watu hesabu kadhaa za mtindo huo, zote zinakwenda kwa njia hiyo ndefu. Kisha akawapa vyombo vya 23, 49 na 3, wapime 20. Wengi wakaanza tena kujaza kikubwa, kupunguza, kupunguza. Jibu linapatikana, si uongo. Lakini 23 ukitoa 3 ni 20, umemaliza. Waliopewa hesabu hii ya mwisho bila zile za mwanzo waliiona mara moja. Hayo yalichapishwa mwaka 1942. Ndiyo maana mfanyakazi mpya anaweza kuona boksi C wiki ya kwanza, na akishakaa mwaka halioni tena. Mkiajiri mtu mpya, mhojini mwisho wa mwezi wake wa kwanza, kabla hajawa kama ninyi.

Langer alikuwa na jaribio jingine dogo ninalolipenda. Watu walionyeshwa kipande cha mpira. Wengine waliambiwa hiki ni cha mbwa kutafuna, wengine wakaambiwa hiki kinaweza kuwa cha mbwa kutafuna. Baadaye ikahitajika raba ya kufutia penseli. Waliofikiria kukitumia kile kipande wengi walitoka kundi la pili. Tofauti ya neno moja tu wakati wa kufundisha. Sasa fikiria namna tunavyomfundisha karani mpya: fomu hii inakwenda hapa, ile pale, basi.

Halafu Sista, mambo ya spana yamenikumbusha kisa ambacho Karl Weick, mtafiti wa mashirika, hupenda kukitaja. Kwenye manowari ya kubeba ndege, Carl Vinson, baharia alipoteza kifaa chake cha kazi juu ya sitaha. Kipande cha chuma kikivutwa na injini ya ndege ni ajali. Akaripoti. Ndege zote zilizokuwa angani zikaelekezwa kutua nchi kavu mpaka kifaa kipatikane. Kesho yake yule baharia alipongezwa rasmi mbele ya wenzake. Hakuandikiwa barua. Amy Edmondson, naye wa Harvard, katika miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa hospitalini akitarajia wodi zenye timu nzuri zitakuwa na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume, timu nzuri ziliripoti mengi zaidi. Alipochimba akaona hawakosei zaidi ya wengine. Wanasema.

Samahani kwa urefu, ni ugonjwa wa walimu.

Karani_wa_Mikopo

Sista, shikamoo. Mwalimu, nashukuru, hesabu ya vyombo nimempa mhasibu, amejaza kikubwa.

Leo nimemwambia meneja habari ya kutembea. Hakukasirika, alisema tujaribu. Tumetembea kutoka mlango wa kuingilia mpaka stoo kama vile ni wanachama. Keshia akaona kuwa kibao cha viwango vya riba kimefunikwa na kalenda. Mlinzi, yuleyule wa kukoroma, akasema wazee huwa wanamuuliza yeye foleni ipi ni ya mikopo na ipi ya amana, kila siku, na yeye huwaelekeza kwa kidole. Hakuna aliyewahi kumuuliza. La boksi C nililisema mimi, pakatokea ukimya, halafu mhasibu akasema hilo ni la kamati.

Hapo ndipo ninapokwama. Kamati inakutana kwa ratiba yake, mwenyekiti ni mzee anayeheshimika, na utaratibu wa nakala tatu aliuweka yeye. Nitaliletaje bila kuonekana namvunjia heshima?

Sista_Nyanda

Marahaba. Usiende na "fomu hii haina maana". Nenda na swali: mzee, nakala C ilikuwa inamsaidia nani, na huyo mtu sasa anapata taarifa wapi? Aliyeiweka ndiye anayejua ilikuwa na kazi gani. Mpe nafasi aseme mwenyewe kuwa kazi imeisha. Wazee hawapendi kusahihishwa, lakini wanapenda sana kuhadithia. Na ili Mzee wa Posho asiwe na neno, ulizeni kwa maandishi huko ilikokuwa inapelekwa kama bado wanaihitaji. Jibu likija mliweke kwenye faili.

Mlinzi wenu mlipeni chai. Huyo ndiye mhudumu wangu wa deki.

Mtu_wa_Thika

Hamjambo nyote. Niko Kenya, kazi yangu ni programu za malipo ya simu, kwa hivyo nitasema kutoka upande huo. Watu wengi hudhani M-Pesa iliota ikiwa kamili. La.

Haikubuniwa kutuma pesa nyumbani. Nick Hughes wa Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza, alipata fedha za serikali ya huko kupitia DFID, iliyokuwa idara yake ya misaada, akitaka njia ya watu wenye mikopo midogo kulipa marejesho kwa simu. Mwenzake, Susie Lonie, akatumwa Nairobi kusimamia. Majaribio yakaanza Oktoba 2005, na wateja wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, chini ya mia tano, wakihudumiwa na maajenti wachache Nairobi na huku kwetu Thika. Kazi ya mteja ilikuwa moja: lipa mkopo wako.

Sasa angalia watu walifanya nini. Huyu analipa mkopo wa mwenzake, na mwenzake anamfanyia kazi kama malipo. Wenye biashara wanaweka mauzo ya siku kwa ajenti jioni, benki zimefunga, asubuhi wanachukua. Wengine wanaweka pesa kabla ya safari na kuzitoa wakifika, wasizibebe njiani. Wanatumiana tu, mtu na mtu. Na upande ule uliokusudiwa, wa marejesho, ndio ulikuwa na taabu, kwa sababu mfumo wa simu haukuoana vizuri na vitabu na mikutano ya makundi ya Faulu.

Mtu wa mazoea angeandika ripoti kwamba wateja wanatumia mfumo visivyo, wapewe mafunzo upya. Ingekuwa ripoti sahihi kabisa kulingana na mkataba wa mradi. Wao waliangalia zile rekodi wakaona kwamba hao "wakosaji" ndio wanaoonyesha biashara iko wapi. Huduma ikarahisishwa, mambo ya marejesho yakawekwa kando, na Machi 2007 Safaricom ikazindua kwa wito wa kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata Vodacom wakaipeleka kwenu Tanzania.

Sijui kama Hughes au Lonie walikuwa wanafunga macho asubuhi, na haijalishi. Kilichowasaidia ni kuwa karibu. Lonie alikuwa hapa, anaongea na maajenti, anasikia malalamiko moja kwa moja. Ningekuwa wewe, Karani, ningeacha vile vikaratasi vya rangi kabisa. Kazini kwangu nikifungua rekodi asubuhi simtafuti aliyekosea. Namtafuta aliyetumia kitu kwa namna ambayo hatukuipanga, halafu nampigia simu.

Karani_wa_Mikopo

Mtu wa Thika umenigonga mahali. Kwetu kuna hisa, akiba na amana. Akiba imefungwa, ndiyo dhamana ya mkopo. Amana unaweka na kutoa unapotaka. Sasa tuna akina mama wa sokoni wanaoleta amana Ijumaa jioni, kaunta inakaribia kufungwa, noti zimekunjwa kwenye kanga, na Jumatatu alfajiri wako mlangoni wanazitoa zote. Keshia huwa ananung'unika kwamba wanamchosha, kazi mara mbili na faida hakuna. Mwezi uliopita kamati ilijadili kuwawekea ada ya kutoa ili waache.

Umesema wenye biashara Thika waliweka mauzo ya jioni wakachukua asubuhi. Nimesoma hapo mara mbili.

Mtu_wa_Thika

Usiandike pendekezo bado, na uombe hiyo ada isubiri. Ijumaa hii wakija waulize kwa upole, mmojammoja, si kwa fomu. Kati ya Ijumaa na Jumatatu wanaogopa nini? Wezi, mume, watoto, wao wenyewe kutumia? Majibu hayo manne yanataka huduma nne tofauti. Uliza pia kwa nini hawaweki kwenye simu. Pengine ni makato ya kutoa, pengine ni nambari ya siri inayojulikana nyumbani. Halafu chukua daftari la amana la miezi kadhaa uhesabu ni wangapi. Wakiwa wawili, ni desturi ya watu wawili. Wakiwa wengi, rudi hapa.

Mzee_wa_Posho

Mkuu, leo siongei utani. Kabla hamjachora chochote, soma mkataba wenu wa bima ya fedha zilizomo kwenye sefu. Huwa una kikomo. Akina mama wote hao wakileta mauzo ya wiki Ijumaa jioni, na benki yenu imeshafunga, mnaweza kulala na pesa kupita kikomo mpaka Jumatatu na hamjui. Nilikuwa mhasibu miaka mingi, nimeona ofisi ikilia kwa jambo hilo. Mkataba kwa kawaida unakaa kwa mhasibu, faili la bima. Ukimwuliza akakujibu ndio utaratibu, omba uusome mwenyewe.